Mitaala ya amali sekondari: kilichobadilika, wanaowajibika na mambo ya kuzingatia kwa mzazi

Januari 2024, shule za sekondari zilizoteuliwa nchini zilianza kufundisha Kidato cha Kwanza kwa mtaala mpya wa mkondo wa amali. Wanafunzi hao watamaliza Kidato cha Nne mwishoni mwa mwaka 2027. Watakuwa wa kwanza kuhitimu katika utaratibu unaomwezesha mwanafunzi kutoka sekondari akiwa na cheti cha elimu ya sekondari pamoja na cheti cha ufundi stadi. Mwaka huohuo wanafunzi wa Darasa la Sita na wa Darasa la Saba watamaliza elimu ya msingi kwa pamoja, na Januari 2028 makundi hayo mawili yatahitaji nafasi za Kidato cha Kwanza kwa wakati mmoja.

Kwa mzazi anayeishi katika kata ya Mkonze, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, mabadiliko hayo yanaleta uamuzi ambao kizazi kilichotangulia hakikuwa nao kwa namna hii: mtoto asome mkondo wa elimu ya jumla au mkondo wa amali? Makala haya yanaeleza sababu za kubadilishwa kwa mitaala, tofauti iliyopo kati ya utaratibu wa zamani na wa sasa, taasisi zinazohusika, na mambo ambayo mzazi na jamii wanapaswa kuyafuatilia.

Mtaala, muhtasari na kitabu

Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hutumika kama kitu kimoja, ilhali kila moja lina kazi yake. Mtaala ni mwongozo mpana unaoeleza malengo ya elimu katika ngazi husika, umahiri ambao mwanafunzi anatarajiwa kuujenga, masomo yatakayofundishwa, muda wake, vifaa vinavyohitajika, sifa za mwalimu na namna ya kupima matokeo. Muhtasari wa somo hutokana na mtaala, nao hueleza kwa kina yatakayofundishwa katika somo moja kwa kila darasa. Kitabu cha kiada huandikwa kwa kufuata muhtasari.

Mpangilio huo una maana kubwa kwa masomo ya ufundi. Kitabu kinaweza kuchapishwa upya na muhtasari ukaongezewa mada, lakini ikiwa mtaala wenyewe unamtaka mwanafunzi aeleze jinsi kazi inavyofanywa badala ya kuifanya, mhitimu atatoka na maelezo pasipo ujuzi. Kwa sababu hiyo mapitio yaliyofanyika yaligusa mtaala, na hata Sera ya Elimu yenyewe.

Safari ya elimu ya ufundi shuleni

Wazo la kuunganisha shule na kazi si geni nchini. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliokosoa elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni kwa kuwaandaa wachache kwa kazi za ofisini na kuwatenga na jamii iliyotegemea kilimo. Shule zilielekezwa kuwa na mashamba na karakana, na mwanafunzi ajifunze kwa kufanya kazi. Katika miaka ya 1970 sekondari ziligawanywa kwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi, sayansi na sayansi kimu. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga, Bwiru, Iyunga, Musoma na Mtwara zilijijengea jina kwa kutoa vijana walioingia katika vyuo vya ufundi, viwanda na mashirika ya umma.

Utekelezaji, hata hivyo, ulikumbana na vikwazo. Katika shule nyingi kazi ya shamba iligeuka kuwa njia ya kupata chakula au adhabu kwa watovu wa nidhamu, ikakosa uhusiano na kinachofundishwa darasani. Mashine za karakana zilichakaa pasipo vipuri. Walimu wa ufundi waliostaafu au kuhamia sekta nyingine hawakupata warithi wa kutosha. Jambo zito kuliko yote, mtihani wa mwisho uliendelea kupima zaidi yaliyoandikwa kwenye karatasi, na kwa kuwa mtihani ndio uliofungua mlango wa ngazi inayofuata, shule na wazazi walielekeza nguvu huko.

Upande wa vyuo ulikua kwa njia yake. Sheria ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ilitungwa mwaka 1994, na mwaka 1997 ikatungwa sheria iliyoanzisha Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi. Matokeo yake, kwa miaka mingi nchi ilikuwa na njia mbili zisizokutana: kijana wa sekondari aliyesoma ufundi hakutambuliwa na mfumo wa vyuo kuwa ana ujuzi wa kiwango fulani, na kijana wa chuo cha ufundi stadi alipata shida kurudi katika njia ya elimu ya jumla akitaka kujiendeleza.

Mwaka 2005 mitaala ya sekondari ilibadilishwa ili ujifunzaji ujikite katika umahiri badala ya kukariri maarifa. Mwelekeo huo ulikuwa sahihi, lakini darasani ulikabiliwa na msongamano wa wanafunzi, upungufu wa vifaa na upimaji uliobaki karibu na ule wa awali. Katika kipindi hichohicho kazi zenyewe zilibadilika. Gari la leo hukaguliwa kwa kifaa kinachosoma hitilafu za kielektroniki, kerezo za viwandani huongozwa na kompyuta, na umeme wa jua umeingia katika nyumba na visima vya vijiji. Mihtasari iliyoandikwa kabla ya teknolojia hizo haikuweza kumwandaa fundi wa kuzihudumia.

Mapitio ya sera na mitaala

Tarehe 22 Aprili 2021, akilihutubia Bunge jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza dhamira ya Serikali ya kupitia sera na mitaala ya elimu ili vijana wapate ujuzi wa kujiajiri na kuajiriwa. Kazi hiyo ilizaa Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, pamoja na mitaala iliyoboreshwa ya mwaka 2023. Sera hiyo ilizinduliwa rasmi na Rais tarehe 1 Februari 2025 katika Ukumbi wa Jakaya Kikwete, Dodoma.

Chini ya sera hiyo, muundo wa elimu unakuwa mwaka mmoja wa elimu ya awali, miaka sita ya elimu ya msingi, miaka minne ya sekondari ya chini, miaka miwili au mitatu ya sekondari ya juu au mafunzo yanayolingana nayo, na miaka mitatu au zaidi ya elimu ya juu. Elimu ya lazima inakuwa ya miaka 10, yaani kuanzia Darasa la Kwanza hadi Kidato cha Nne.

Utekelezaji unakwenda kwa awamu. Januari 2024 mitaala mipya ilianza katika elimu ya awali, Darasa la Kwanza, Darasa la Tatu na Kidato cha Kwanza cha mkondo wa amali. Lengo la kwenda kwa awamu ni kuruhusu vitabu kuandikwa, walimu kupata mafunzo na wanafunzi walioanza na mtaala wa zamani kumaliza nao pasipo kuchanganywa.

Ifahamike pia kuwa elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina mamlaka na mitaala yake katika ngazi hizo.

Kilichobadilika katika mkondo wa amali

Tofauti ya msingi iko katika kinachohesabiwa kuwa ni kufaulu. Katika utaratibu wa zamani somo la ufundi lilikuwa moja kati ya masomo ya sekondari, likapimwa pamoja na mengine na kuandikwa kwenye cheti kilekile. Katika utaratibu mpya fani ya amali hufundishwa na kupimwa kwa kufuata viwango vya kazi yenyewe, vilevile vinavyotumika katika vyuo vya ufundi stadi.

Viwango hivyo huandaliwa kwa kuanza na kazi. Wataalamu pamoja na watu wanaoifanya kazi hiyo huorodhesha majukumu ya fundi katika eneo lake la kazi, hatua za kila jukumu, vifaa vinavyotumika, kanuni za usalama na ubora unaokubalika. Mtaala hujengwa juu ya orodha hiyo, na upimaji humtaka mwanafunzi aonyeshe kuwa anaweza kutekeleza jukumu hilo mwenyewe.

Chukua mfano wa uashi. Swali la karatasi linaweza kumtaka mwanafunzi ataje matumizi ya timazi na pima maji. Upimaji wa umahiri unamtaka apange msingi, achanganye saruji na mchanga kwa uwiano sahihi, ainue ukuta wenye kona, na mkaguzi aweke timazi aone kama ukuta umesimama wima. Kwa fundi umeme wa majumbani, kuchora mzunguko wa taa inayowashwa na swichi mbili ni sehemu tu ya kazi. Anapaswa kuufunga, kuupima kabla ya kuunganisha umeme, na kuhakikisha waya wa ethi unafanya kazi. Ukuta uliopinda au waya wa ethi usiofanya kazi hauwezi kufidiwa na mwandiko mzuri.

Fani zinazotajwa katika mkondo huu ni pana. Ziko za ujenzi, useremala, bomba, umeme, uchomeleaji na uungaji vyuma, ufundi magari, elektroniki na tehama, kilimo na ufugaji, usindikaji wa vyakula, ushonaji na teknolojia ya nguo, ukarimu na utalii, sanaa na michezo. Shule haifundishi zote. Kila shule husajiliwa kwa fani ambazo ina karakana, vifaa na walimu wake. Ndiyo maana shule mbili zenye mkondo wa amali katika wilaya moja zinaweza kuwa na fani tofauti kabisa.

Mwanafunzi wa amali haachi masomo ya jumla. Anaendelea na masomo kama Hisabati, Kiingereza, Elimu ya Biashara na Historia ya Tanzania na Maadili. Fundi anayekadiria idadi ya matofali, anayesoma maelekezo ya mashine au anayemwandikia mteja ankara anayahitaji masomo hayo kila siku, na ndiyo yanayomwachia nafasi ya kuendelea na masomo ya juu.

Vyeti viwili na njia ya kuendelea

Mhitimu wa Kidato cha Nne katika mkondo wa amali anatarajiwa kupata vyeti viwili. Cha kwanza ni cha elimu ya sekondari kinachotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Cha pili ni cha ufundi stadi chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, kwa kufuata ngazi za Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi, ambazo ni ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Hapa ndipo njia mbili zilizokuwa hazikutani zinapounganishwa. Mhitimu anaweza kuomba kazi au kujiajiri akiwa na uthibitisho wa ujuzi unaotambulika kitaifa. Anaweza kujiunga na chuo cha ufundi kuendelea na ngazi ya juu zaidi ya fani yake. Akiwa na ufaulu unaohitajika katika masomo ya jumla, anaweza pia kuendelea na sekondari ya juu na hatimaye chuo kikuu. Dhana kwamba ufundi ni mahali pa waliofeli ilitokana na mfumo uliofunga njia hizo, na mzazi anayefanya uamuzi sasa anapaswa kuupima mkondo kwa muundo wake wa leo.

Upo utaratibu mwingine unaopaswa kutofautishwa na huu. Urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi unamhusu fundi ambaye tayari yuko kazini, aliyejifunza kwa kaka, mjomba au fundi mkuu wa mtaani, na sasa anataka ujuzi wake upimwe na kutambuliwa. Fundi wa Mkonze aliyejenga nyumba kwa miaka mingi bila cheti hahitaji kurudi Kidato cha Kwanza. Anaweza kuulizia huduma hiyo katika chuo cha VETA.

Taasisi na wajibu wake

Wananchi wengi hupoteza muda kwa kupeleka hoja katika ofisi isiyohusika. Mgawanyo wa majukumu uko kama ifuatavyo.

Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia inasimamia sera, sheria, usajili wa shule na uthibiti ubora. Wathibiti ubora wa shule waliopo katika ngazi ya wilaya ndio wanaokagua kama kinachofundishwa kinalingana na mtaala.

Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, inaandaa mitaala, mihtasari na vitabu vya kiada, na kuwapa walimu mafunzo ya namna ya kuitumia. Nyaraka za mitaala na vitabu vinapatikana katika maktaba mtandao ya taasisi hiyo.

NACTVET, iliyopanuliwa mwaka 2021 ili kusimamia pia ufundi stadi, inaweka na kusimamia viwango vya elimu ya ufundi na kutambua sifa zinazotolewa. VETA inaendesha vyuo vya ufundi stadi na ina uzoefu mrefu wa mafunzo kwa vitendo. NECTA inaendesha mitihani ya taifa.

TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, inasimamia uendeshaji wa shule za msingi na sekondari za Serikali kupitia halmashauri, ikiwemo upangaji wa wanafunzi, majengo na walimu. Kwa mkazi wa Mkonze, hoja kuhusu karakana isiyokamilika, upungufu wa walimu au nafasi ya mtoto inaanzia kwa mkuu wa shule na afisa elimu wa kata, kisha Idara ya Elimu Sekondari ya Halmashauri ya Jiji la Dodoma.

Fani na mazingira ya Dodoma

Mtaala wa taifa ni mmoja, lakini uchaguzi wa fani unapaswa kuitazama ardhi na soko la mahali husika. Dodoma ina mambo yake. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma Julai 2016 na mji kupandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, ujenzi umeenea kutoka Mji wa Serikali Mtumba hadi kata za pembezoni, ambako mashamba ya mtama na alizeti yamepimwa na kuwa viwanja. Kila nyumba inayojengwa katika kata kama Mkonze inahitaji mwashi, fundi bomba, fundi umeme, seremala, mpaka rangi na mtu wa kufunga madirisha ya alumini. Kazi hizo zipo. Swali ni kama zitafanywa na vijana wa eneo hilo wenye viwango, au na wanaotoka mbali huku vijana wa hapo wakibaki kuchanganya zege na kubeba tofali.

Miundombinu mikubwa nayo inahitaji mafundi wa kuitunza baada ya ujenzi kwisha. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kutoa huduma kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya mwaka 2024. Barabara ya mzunguko wa nje ya jiji ina urefu wa kilomita 112.3. Vyombo vinavyopita humo, kuanzia malori hadi bajaji, vitahitaji gereji.

Upande wa kilimo, Nyanda za Kati ni eneo la nusu ukame lenye msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Elimu ya amali katika kilimo inayofaa hapa ni ile inayofundisha kuvuna maji ya mvua, umwagiliaji wa matone, utunzaji wa pampu inayotumia umeme wa jua, na usindikaji. Dodoma ni kitovu cha zabibu nchini, na kituo cha utafiti cha Makutupora kinahusika na zao hilo. Mkulima anayeuza zabibu mbichi wakati wa mavuno hukutana na bei ya siku, kwa sababu tunda haliwezi kusubiri. Anayejua kukausha, kukamua na kuhifadhi ana muda wa kuchagua mnunuzi. Alizeti na ngozi za mifugo zina hadithi hiyohiyo.

Mambo yanayoamua mafanikio

Historia ya michepuo inaonyesha kuwa mtaala mzuri unaweza kuishia katika kabati la mkuu wa shule. Yapo mambo manne ambayo wananchi wana haki ya kuyafuatilia.

La kwanza ni vifaa na malighafi. Karakana hujengwa mara moja, lakini saruji, mbao, nyaya, vyuma na vitambaa hutumika na kwisha kila muhula. Mafunzo ya vitendo ni ghali kuliko ya ubao na chaki, na bajeti ya shule ya amali inapaswa kutenga fedha za malighafi kila mwaka. Elimu ya sekondari ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne katika shule za Serikali imekuwa bila ada tangu mwaka 2016, hivyo mzazi anapoombwa mchango wa vifaa anapaswa kuuliza umeidhinishwa na nani na kwa utaratibu gani.

La pili ni walimu. Mwalimu wa amali anahitaji mambo mawili kwa pamoja: ujuzi wa fani na taaluma ya kufundisha. Fundi hodari asiyejua kufundisha, na mwalimu hodari ambaye hajawahi kushika mwiko, wote wawili wana pengo. Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro ni miongoni mwa vyuo vinavyoandaa walimu wa aina hiyo, lakini kuongezeka kwa shule za amali kunahitaji kasi kubwa zaidi ya kuwaandaa.

La tatu ni uhusiano na maeneo ya kazi. Hakuna shule itakayokuwa na kila mashine mpya. Mwanafunzi anayepelekwa kwenye gereji, kiwanda au eneo la ujenzi hukutana na vifaa vya kisasa, muda wa mteja na hasara ya kosa. Kwa hiyo waajiri, wakiwemo wenye karakana ndogo, ni sehemu ya utekelezaji wa mtaala. Usalama wa wanafunzi wanapokuwa huko ni wajibu wa pamoja wa shule na mwenye eneo.

La nne ni usawa. Wasichana wamekuwa wakielekezwa kwenye ushonaji na upishi hata pale wanapotaka umeme au ufundi magari. Mtaala hauwawekei mpaka huo. Aidha, mwanafunzi mwenye ulemavu ana haki ya karakana inayofikika na vifaa vinavyomfaa.

Nchi jirani zinapita katika njia inayofanana. Kenya, iliyoanza mtaala wa umahiri mwaka 2017, imepanga sekondari ya juu katika njia tatu kuanzia mwaka 2026: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Huko nako mjadala mkubwa umekuwa juu ya walimu, madarasa na karakana.

Mwaka 2027 na Januari 2028

Wanafunzi walioanza Darasa la Tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027. Waliokuwa Darasa la Nne mwaka 2024 wanaendelea na utaratibu wa miaka saba, nao watamaliza Darasa la Saba mwaka huohuo. Makundi yote mawili yataingia Kidato cha Kwanza Januari 2028.

Kwa kata inayokua kwa kasi kama Mkonze, hii ina maana ya karibu mara mbili ya mahitaji ya kawaida ya madarasa, madawati, vyoo na walimu katika mwaka mmoja. Kwa mkondo wa amali mzigo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa darasa la wanafunzi wengi linaweza kufundishwa historia kwa shida, lakini haliwezi kuzunguka mashine moja ya kuchomelea kwa usalama. Maandalizi ya mwaka huo yanapaswa kuonekana katika mipango na bajeti za halmashauri kabla ya mwaka wenyewe kufika. Mikutano ya mtaa na vikao vya kamati ya maendeleo ya kata ndiyo mahali pa kuyaulizia.

Maswali ya mzazi kabla ya kuchagua

Mzazi anayefikiria mkondo wa amali anashauriwa kufika shuleni na kupata majibu ya maswali yafuatayo:

Shule imesajiliwa kwa fani zipi za amali, na usajili huo unatambuliwa na NACTVET?

Karakana ya fani husika inafanya kazi, na wanafunzi wanaitumia mara ngapi kwa wiki?

Wapo walimu wangapi wa fani hiyo, na wana sifa gani?

Mafunzo ya vitendo nje ya shule yamepangwa wapi, na nani anawasimamia wanafunzi?

Masomo ya jumla yanafundishwa kwa uzito gani, ili mtoto asifungiwe njia ya kuendelea?

Mtoto mwenyewe anapenda nini? Fani iliyochaguliwa na mzazi peke yake kwa kuangalia soko inaweza kumchosha kijana kabla ya Kidato cha Nne.

Majibu hayo yanapaswa kutolewa na mkuu wa shule bila malipo. Pale yanapokosekana, mzazi anaweza kuwasiliana na ofisi ya uthibiti ubora wa shule ya wilaya au Idara ya Elimu Sekondari ya halmashauri. Taarifa rasmi kuhusu mitaala hutolewa na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia pamoja na Taasisi ya Elimu Tanzania, na zile za upangaji wa wanafunzi hutolewa na TAMISEMI. Wananchi wanashauriwa kuzingatia vyanzo hivyo, hasa katika kipindi cha kuelekea mitihani na uchaguzi wa wanafunzi wa mwaka 2027.